Bei ya Mteremko

Hapa Bukavu nyumba hupimwa kwa pumzi.
Shuka Nguba, ziwa likuchungulie dirishani,
utalipa kwa dola mpya, zisizo na mkunjo wala doa,
garanti ya miezi sita, na ulipe ukitabasamu.
Panda Cimpunda: kila ngazi mia zinakupunguzia dola tano.
Pumzi ikikatika
umefika kwenye bei yako.

Naandika haya katika daftari la mwanangu,
nyuma ya hesabu zake za darasa la nne.
Mimi ni komisioneri. Sina ofisi.
Nina simu mbili, viatu vya mpira,
na funguo kumi na tatu za milango isiyo yangu.

Mwezi wa tisa: vyumba viwili, Kadutu, dola arobaini.
Wazazi wamemalizia pesa shuleni, hakuna anayehama,
nakula sambaza za deni kwa Mama Nabintu.
Mwezi wa kumi mvua inaamka mapema kuliko sisi.
Thelathini na tano.
Mwezi wa kumi na moja udongo wa Funu unakohoa usiku.
Thelathini; na mwenye nyumba anasema bado ni imara,
huku akiongeza jiwe juu ya bati.

Mwezi wa kumi na mbili sikuandika kitu.
Ukuta wa kina Zihindula ulishuka na kitanda,
na kabati, na kalenda iliyobakiza siku tisa.
Watu walitoka wazima, Mungu ashukuriwe.
Kulipokucha mtu mmoja akanivuta pembeni,
akauliza kwa sauti ya msibani
kiwanja kile sasa ni kiasi gani.

Nikamtajia.

Kisha wakaja wageni, magodoro kichwani,
kuku mmoja kwapani, watoto wakifuata kwa urefu,
na bei ikapanda mlima bila kuhema.
Arobaini na tano. Hamsini.
Chumba cha mbao ambacho jana kilikuwa stoo ya makaa
leo kina kufuli na masharti:
usipike ndani, usizae ndani,
wageni mwisho saa mbili usiku.

Mwezi wa pili, Jumanne, simu ya Bwana Cirhuza.
"Nitafutie mpangaji wa Nyamugo. Hamsini na tano.
Vyumba viwili, bomba kwa jirani, mlango wa bluu."
Nikaandika: vyumba viwili. Bomba kwa jirani. Mlango wa
na kalamu ikasimama.
Rangi ile niliipaka mimi,
kopo moja na nusu, mwaka aliozaliwa mtoto.

"Unanisikia?" akasema.
"Komisioni yako iko palepale."

Niliwaleta mwalimu Nshokano na mkewe, mjamzito wa miezi saba.
Nikagonga hodi kwenye mlango wangu, kwa mazoea ya kazi.
Mke akatazama nguo zangu kwenye kamba,
akauliza wanaokaa humu wanatoka lini.
Mwisho wa mwezi, nikasema.
Na paa, linavuja?
Komisioneri mzuri hapo hukohoa, huonyesha dirisha.
Kona ya kushoto, nikamwambia. Weka sufuria.
Sio kubwa. Ya wali inatosha.
Akanitazama tena nguo, akanitazama mimi,
akashika tumbo lake, asiseme neno.
Walilipa.

Mwezi wa tatu: Nyamugo, hamsini na tano. Imechukuliwa.
Mwezi wa tatu: juu kabisa Cimpunda, chumba na nusu, ishirini na tano.
Huyu mteja nampeleka bure,
simdai hata pesa ya viatu.
Nimehesabu ngazi mia mbili na arobaini, za udongo,
ziwa limekuwa dogo kama kioo cha mfukoni.
Mtoto ametangulia na daftari lake,
amekaa juu ya jiwe, kalamu tayari,
ananiuliza, mama, tuandike ngapi?

Ngoja, namwambia.
Ngoja kwanza nipate pumzi.