Flanji ya Kidake

Jina la faili ni hili: FLANJI_NNE_USIGUSE.
Kidake aliliacha kwenye kompyuta ya karakana
siku alipohamia Nakuru kuchora mapaa ya watu wengine,
pamoja na kikombe kisicho na mkono
na deni la chapati tatu kwa Mama Perez.
Chapati nililipa mimi. Kikombe nakinywea.
Flanji nimeirithi.

Huivuta tu kutoka kabati la maumbo:
duara, tundu la katikati, matundu manne pembeni,
ukingo uliolainishwa kidogo usikate kidole.
Inauliza maswali mawili, upana na unene,
halafu inakaa pale ninapoiweka
kama mgeni anayejua kiti chake.
Kinu cha mpunga cha Ahero: flanji ya Kidake.
Mashine ya kupukuchua mahindi, Luanda: ya Kidake.
Pampu ya bwawa la samaki kule Usenge:
ya Kidake, imenenepeshwa.
Mwaka mzima sijachora duara hata moja.

Ila matundu yale.
Bolti ni ya milimita kumi na mbili;
tundu lake, kumi na tatu na nusu.
Nilitazama mchana mmoja wa joto, feni imekufa,
nikaona uzembe. Nikaona suruali ya kuazima.
Nimesoma chuo, mimi. Cheti kiko kwenye fremu.
Nikafungua kiolezo, nikaandika 12.5,
nikahifadhi.

Sikujua (nasema kweli: nilijua, ila sikukumbuka)
kwamba kila flanji iliyotoka tumboni mwake
bado imeunganishwa nayo kwa kitovu.
Michoro kumi na mmoja ilibana midomo usiku ule,
kimya, bila hata mmoja kupiga chafya,
na asubuhi Nyagudi akaipeleka mitatu kukatwa.

Simu ilitoka Ahero saa kumi.
"Dada, sahani zako zimekataa bolti."
Nyuma yake nyundo,
na sauti ya mama akiuliza
mpunga wake utakobolewa mwaka gani.
Nikamwambia haiwezekani. Nikamtajia desimali.
"Njoo uziambie hizo desimali wewe mwenyewe."

Nilipitia Kibuye kwanza, kalipa mfukoni.
Kwenye meza ya bati bolti zimelala kwa vilima,
zimepakwa grisi, zinauzwa kwa kilo.
Nikaomba ya kumi na mbili.
Nikapewa. Nikaibana kwa kalipa:
kumi na mbili nukta saba.
"Hii ni nusu inchi," nikasema.
"Ndiyo hiyo kumi na mbili," akasema,
akaendelea kupimia mwingine misumari.
Nikajaribu ya pili, ya tano, ya rundo la jirani.
Soko zima linafunga vyuma kwa nusu inchi
na kuiita kumi na mbili,
na Kidake alijua, akanyamaza,
akaupanua mlango badala ya kugombana na mgeni.

Lakini hakuandika sababu. Hilo namlaumu.
"Usiguse" si sababu; ni kofi.

Nimerudisha nukta zake. Michoro ikafumbua midomo.
Zile sahani Nyagudi alizitoboa upya kwa mkono
bila kunitazama, chembe za chuma
zikimrukia kwenye ndala.
Gharama nitakatwa mwisho wa mwezi.

Na leo, kabla stima haijapotea tena,
nimebadili jina la faili. Sasa ni refu, linachekesha:
FLANJI_NNE_TUNDU_KUBWA_SABABU_NI_BOLTI_ZA_KIBUYE_ULIZA_AKEYO.
Atakayekuja baada yangu
pengine ataona uzembe vilevile.
Nimeongeza pia kitu kimoja changu, karibu na tundu la katikati:
mfereji mwembamba wa nusu milimita
ambao Kidake hakuuweka.
Sababu yake ninayo.
Sijaiandika bado.