Joto la Kosa

Siku kumi na moja kompyuta kuu ilinifanyia kazi
usiku na mchana, ingawa Kajaani, mwezi wa Desemba,
usiku na mchana ni ndugu wanaochangia blanketi moja
na mchana ndiye anayenyang'anywa.

Nilikuwa nimeiomba jambo moja tu:
initengenezee nyota iliyokufa,
iizungushe mara thelathini kila sekunde,
kisha iniambie mwali wa gama unachomoka wapi,
karibu na ngozi ya nyota
au mbali, kule ambako nyuzi za sumaku
hushindwa na kasi, zikakatika
kama uzi wa tiara.

Chembe bilioni arobaini.
Kila moja na mahali pake, mwendo wake, chaji yake.

Siku ya kumi na mbili nikafungua matokeo
koti bado mwilini, theluji ikichuruzika ndani ya kola.
Nyota yangu ilikuwa inanenepa.
Nishati ilizaliwa pasipo mzazi,
pato bila jasho,
na ulimwengu, nijuavyo, haukopeshi.

Nikatafuta mpaka macho yakawasha.
Mstari wa mia nne na sita:
alama ya kutoa mahali pa ile ya kujumlisha.
Kijistari. Kifupi kuliko kope.
Nilikiandika mwenyewe, kwa vidole hivi, mwezi wa Agosti,
nikiwa na haraka ya kwenda msituni kuchuma beri.

Urpo, msimamizi wangu, hakugomba.
Aliusoma mstari, akavua miwani,
akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.
"Saa zetu za mashine," akasema, "zimekwisha hadi Machi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Na umeme je?

Nikarudi kwa miguu, nikavuka daraja,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
pua si yangu tena.
Ghorofa ya chini mlango ulikuwa wazi:
Hilja Karppinen, miaka themanini na minne,
thelathini na mmoja kati ya hiyo kiwandani, kwenye karatasi,
katika ukumbi uleule ambamo sasa mashine inanguruma.
Alikuwa peku.
Peku, Desemba, juu ya vigae!
"Wiki hii wametupa joto zuri," akaniambia.
"Sijui nani anachochea huko."

Maji yanayoipoza mashine hutoka na homa yake,
hupita mabombani chini ya barabara,
hupanda ndani ya kuta zetu.
Nilikuwa najua. Nilijua siku zote,
kama mtu ajuavyo kwamba ana figo.
Ila sikuwahi kuviona visigino:
vya waridi, vyenye nyufa, vimetulia.

Nikataka kumwambia, ni mimi.
Ni kijistari. Ni nyota ya uongo
iliyokupasha miguu siku kumi na moja.
Nikasema tu, kweli, kuna joto.

Usiku sikulala. Nikawaza darubini zetu za jangwani
zinazokesha zikiungojea mwali usiofika.
Maana haufiki. Unagonga hewa kilomita ishirini juu,
unavunjika, watoto wake nao wanavunjika, na wajukuu,
mpaka kinachobaki ni mmweko wa buluu
unaokwisha kabla jicho halijaamua kupepesa.
Tunaudaka huo, tunahesabu kurudi nyuma.
Huku chini hakuna aliyepokea barua yenyewe;
sote tunasoma majivu ya bahasha.

Machi nikatuma tena, alama imenyooka.
Nyota ikamulika kwa adabu, mbali na ngozi,
pale ambapo Urpo alikuwa amekataa katakata.
Grafu mbili, kurasa nane, jina langu mbele.
Nje barafu ya mto ilikuwa imeanza kulia,
na Hilja, dirisha wazi, kiwiko nje,
alimlalamikia kila aliyepita
kwamba joto la mwaka huu, jamani, limezidi.