Ufito

Shaame alisema: nunua ya sumaku,
unaibandika juu ya paa, basi.
Paa lenyewe la Keri hii nusu rangi, nusu kutu;
sumaku ishike nini?
Ikaniangukia Mzambarauni, mbele ya watoto wa chuoni.

Nikachagua ufito mrefu wa shaba,
nikaufunga bampani kwa kipande cha ndoo,
koili nikaisuka kwa waya wa feni iliyokufa.
Mrefu husikia mbali, ila njia ya Konde
mikarafuu inauzaba makofi,
nafika na makonyo kwenye kioo.

Nikaukata. Nikatazama sindano ya mita.
Nikakata tena, nusu ukucha,
pumzi nimezibana:
uliozidi unakatika,
uliopungua haukui.

Usiku, Kigomasha, nimezima injini
isinikoromee masikioni.
Mchakato wa mchanga kwenye spika, mchanga, mchanga,
kisha mtu:
nakusikia, upo wapi?
Nikasema Pemba.
Akasema rudia.
Nikamtajia herufi moja moja,
nikingoja kila moja ifike.
Miaka arubaini naishi humu,
sijapata kulitamka polepole hivyo.