Jicho la Dalia

Kiazi kisicho na jicho, hata ukibembeleze, hakioti.
Nilijifunza hilo mwaka wa kwanza, kwa hasara ya vikapu viwili.
Jicho liko shingoni, kiazi kinapoungana na shina kuukuu,
dogo kama kipele cha tetekuwanga.
Kisu nakipitisha kwanza kwenye moto, kama wodini,
nakata, napaka jivu kidonda.

Vitano nikavizika hapa Kabale, tuta la juu.
Vitano, vyekundu na vyeupe, nikavifunga kwa maranda makavu,
nikamkabidhi kondakta wa basi la usiku:
"Pakwach. Mpe Ayerango wa zahanati. Usiviweke karibu na injini."

Sisi ni wauguzi wastaafu, hatujui kukaa na kitu bila kukipima.
Daftari langu: alfajiri nyuzi kumi na mbili, ukungu hadi saa nne,
mchana ishirini na tatu.
Lake: alfajiri ishirini na nne, mchana thelathini na sita,
na pembeni, kwa wino mwekundu: homa.

Maana dalia ni mtoto wa milima ya Meksiko,
alizoea usiku wa kuvuta blanketi.
Alichopika mchana kwa jua, usiku wa joto humla kwa pumzi;
usiku wa baridi humwachia akiba,
na akiba yake huigeuza petali.
Yangu yakatoka mapana kama sahani za pilau.
Yake yakakauka yangali vifumba,
yakadondoka "kama vifungo vya shati la zamani," akaniandikia.

Nilijisifu. Nakiri.

Kisha Julai ua langu likafunguka katikati,
likaonyesha jicho la njano kabla ya wakati,
petali chache zimelizunguka kama wageni waliowahi.
Nikasoma, nikahesabu: si joto, ni saa.
Huku ikweta iko jirani, siku haijui kurefuka;
jua lachomoza karibu saa moja, lazama karibu saa moja,
Januari kama Juni.
Dalia akilala giza la saa kumi na mbili
hudhani mwaka unakwisha, barafu i njiani;
hujaza viazi chini, hufumbua jicho juu, aage.
Nani atamweleza kwamba hapa mwaka hauna mlango wa kutokea?

Nikatundika balbu ya sola, iwake hadi saa nne usiku.
Jioni ya tatu Turyamureeba akapiga hodi, kofia mkononi:
"Mama Kyomuhendo, tumeona taa bustanini. Nani katutoka?"
Nikamwambia hakuna msiba, nayadanganya maua.
Akaketi kidogo, kwa heshima, kama asiyeamini.

Ayerango hakutaka balbu.
Alihamishia yake mashariki ya tangi la maji,
jua la alasiri lisiyafikie, akatandika nyasi,
na mawili yakachanua, jekundu na jeupe,
madogo, macho wazi kabisa.
"Yaache," akasema kwenye simu. "Nyuki wameyaona."
Sahani zangu za pilau nyuki huzipita tu;
zimejaa petali, hazina pa kuingilia.

Kiazi ni mama yule yule, amerudiwa.
Mbegu ni kamari.
Alipanda mia moja na arobaini kwenye makopo ya maziwa.
Zilizoota, sitini na moja. Miche iliyovuka Februari, tisa.
Uliochanua kwenye nyuzi thelathini na nne, mmoja:
ua la rangi ya tofali lililoiva,
si kubwa kuliko kifuniko cha chupa ya dawa.

Wiki hii amenitumia kiazi chake ndani ya boksi la glavu.
Nimekigeuzageuza, nimetafuta shingoni.
Jicho lipo.

Jioni nikapanda kigoda, nikaichomoa balbu.
Turyamureeba akapita na tochi yake.
"Matanga yameisha?"
"Yameisha," nikamjibu. "Kuna mtoto."