Saa Mbili na Robo

Apondi hakuleta saa, alileta picha.
Kidato cha pili, soksi zimelowa manyunyu,
akaikunjua juu ya meza yangu pale Kibuye
katikati ya betri na mikanda ya plastiki:
"Fundi Rapemo, hii inatengenezeka?"

Nikavaa lenzi, mazoea tu.
Kioo hakipo. Uso umeungua, namba zimebabuka.
Mshale mfupi umeipita nane kidogo,
mrefu umelalia tatu.
"Saa mbili na robo," nikasema.
"Kitabu kinasema nane na robo."
Basi nikamkumbusha: sisi saa tunaisoma ng'ambo,
mshale ukilenga kule, ulimi unajibu huku.
Aliyekuwa angani asubuhi ile alisoma nane.
Mimi niko chini. Nasoma mbili.

Akanisomea, kidole kikifuata mstari:
Hiroshima, maana yake kisiwa kipana.
Mto mmoja unafika baharini kwa mikono saba.
Ngome ya mabwana, maghala, chaza,
kisha kambi, kisha meli zikipakia vita
kuwapelekea wengine.
(Hilo nalo alilisoma. Hakuliruka.)
Asubuhi ile watoto wa shule walikuwa barabarani
wanabomoa nyumba za mbao
ili moto, ukija, ukose njia.
"Wa miaka mingapi?"
"Kumi na miwili. Kumi na mitatu."
Akaukunja ukurasa, akaukunjua tena.

Mtu alikuwa ameketi kwenye ngazi za benki
anangoja wafungue.
Ngazi zilibaki. Kivuli kilibaki.
Na siku ya tatu tramu moja ikatambaa kati ya majivu,
kondakta wake msichana wa shule.

Siku ya tatu.
Sisemi moto ule na wetu ni ndugu.
Wetu ulikuwa wa kiberiti, na mkono uliouwasha niliujua,
niliwahi kuutengenezea saa.
Januari ile nilichekecha majivu kwa kichujio cha chai
nikatoa saa kumi na saba za watu.
Siku ya tatu nikatandika gunia papo hapo,
sina la kuuza ila kamba za viatu.
Nani alinunua? Yule yule.
Kamba nyeusi, jozi mbili.
Hakudai chenji, nami sikumpa.

"Walisema hapataota kitu miaka sabini na mitano,"
Apondi akaendelea, "kisha likachanua hili."
Oleanda. Naijua, iko kwenye uzio wa hospitali ya Russia,
rangi ya waridi, tamu kwa macho;
iliua mbuzi wa shemeji yangu.
Ndilo ua la mji wao sasa.

"Sasa, Fundi?"
Springi ningepata. Mishale ningepata, hata kioo.
Nikaitazama tena,
muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.
"Mwenyewe alikuwa nani?"
Ukurasa haukusema.

Nikaivua saa yangu, ya mtumba, mgongoni imeandikwa Japani,
nikamwekea sikioni.
Tukasikiliza, yeye saa, mimi manyunyu juu ya mabati,
mpaka akaruka: "Kwani ni saa ngapi? Mama ataniua!"
Kumi na mbili kasorobo. Akatimua mbio.

Picha ameisahau.
Iko hapa, chini ya kioo cha meza,
na wateja huinama wakadhani naiuza.