Arubuni

Tarehe thelathini Aprili, saa tano na dakika kumi usiku,
na Youngstown imeamua kuangusha theluji ya mwisho,
ile isiyoalikwa na mtu.
Baba yuko barabarani na gari la kukwangua,
anamwaga chumvi tangu jua lizame.
Mimi niko jikoni, soksi mbili kila mguu,
kompyuta imefungua kurasa mbili:
huku miaka saba, huku minane, labda kumi.
Kila moja inadai arubuni kabla ya saa sita.

Saba: naingia na miaka kumi na minane,
natoka daktari na ishirini na mitano.
Kiti kimeshaandikwa jina, Terezka Hrinko,
kabla sijajua kama nitazimia nikiuona mfupa.
Hakuna ule mtihani wa katikati
uliomfanya binamu yangu Vasko ang'oe nyusi zake
unywele mmoja mmoja, masika mawili mfululizo.
Sharti: alama zisishuke,
kiangazi kiwe cha maabara,
na usichungulie sana dirishani.

Minane: hakuna ahadi.
Karatasi yao haisemi "utakuwa".
Inasema "karibu".
Huko wana idara ya miamba.

Nyuma ya kiwanda cha chuma kilichofungwa
kuna kijito, na ndani ya kijito kuna visukuku:
vipande vya mashina ya maua ya bahari,
vya mviringo, vina tundu katikati, kama vifungo
vya shati la mtu aliyeondoka zamani sana.
Ninavyo arobaini na kimoja katika kopo la biskuti.
Katika barua ya chuo cha pili niliandika hivyo vifungo.
Katika barua ya chuo cha kwanza niliandika figo za bibi.
Barua zote mbili ni za kweli.
Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
bibi Paraska huunganishwa na mashine,
damu yake hutoka kutembea na kurudi.
Daktari Whitcomb alipita njia ya mkato:
anajua kila namba ya bibi kwa moyo,
na sijapata kumwona akikaa.
Daktari Adair alilima soya hadi miaka thelathini na mmoja
ndipo akaenda shule.
Yeye hukaa ukingoni mwa kitanda, huuliza habari za paka.
Nilitaka hilo liwe jibu langu.
Lakini Adair ndiye aliyesahau kipimo cha potasiamu,
na Whitcomb ndiye aliyekuja mbio saa tisa za usiku,
koti juu ya nguo za kulalia.

Nikamuuliza bibi mwenyewe.
Akasema, nipitishie biskuti.
Nikasema kopo lina mawe.
Akasema, basi umelinyima kopo kazi yake.

Mama amepiga hesabu nyuma ya bahasha ya umeme.
Hakusema lolote. Aliiegemeza kwenye chombo cha sukari,
akaenda kulala, au kujifanya amelala.
Mwaka mmoja wa ziada ni majira mawili ya theluji ya baba,
mgongo wake ukikubali.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka.
Hawasemi iliyoponyoka huendelea kukutazama.

Saa tano na dakika hamsini na moja nikabonyeza.
Skrini ikashukuru. Ikanipa namba ndefu nisiyoiweza kuikariri.
Sikulia. Niliosha kikombe kilichokuwa safi.

Mlango ukagonga ukuta. Baba, ndevu zimeganda.
"Ipi?"
"Ile fupi."
"Fupi," akasema, akihangaika na buti. "Miaka saba!"
Akacheka hadi akashika friji,
na mawe yangu huko juu yakacheza ndani ya kopo.
Chumvi ikamdondoka miguuni, nyeupe, chafu,
iliyochimbwa chini kabisa ya ziwa,
masalio ya bahari fulani iliyokauka
kabla ya mtu yeyote kuhitaji daktari.
Nikainama kuifagia.
Punje moja nikaionja.