Mleta Mafuta

Miaka kumi na tisa niliukokota mpira wa mafuta
juu ya theluji za watu
hadi kwenye mdomo wa bomba ukutani,
nikainama, nikatega sikio.
Tangi likijazwa huimba, na likishiba hunyamaza.
Mshahara wangu ulikuwa katika huko kunyamaza.

Aibu ya maiti aijua mwosha.
Aibu ya tangi, je?
Nilijua mlango upi hulipa taslimu,
upi hulipa kwa ahadi na biskuti,
na upi (hapa tulishusha sauti) hulipiwa na kaunti.
Hati zao zilikuwa za manjano.
Nilizikunja mara nne, nikazisukumiza mfuko wa nyuma,
na jioni, mbele ya supu ya njegere, nikamwambia Lucille:
"Yule wa nyuma ya kinu ana televisheni kubwa kuliko yetu."
Lucille alinisogezea chumvi tu.

Kampuni iliuzwa. Goti likauzwa nalo, naweza kusema.
Lucille alikwenda mwezi wa nne, barafu ya mto ikivunjika.
Sasa ni Januari, hapa Maine,
na mshale wa tangi langu umelala
kama mtu asiyetaka kuamshwa.

Nilipiga simu. Kinanda kikapiga wimbo mmoja, dakika arobaini.
Kwa chakula bonyeza mbili. Kwa kodi ya nyumba, tatu.
Kwa mafuta ya kupasha nyumba joto, nne.
Nne nilibonyeza. Nikakata kabla hawajapokea.
Siku ya pili nilikwenda mwenyewe ofisi ya mji:
Jumatano hufungwa. Ulizia maktaba.

Kuuliza si ujinga, husema wasiojulikana na mtu.
Mimi nilimjua kila aliyekuwa maktaba ile;
nilijua hata galoni zao.

Ubaoni palikuwa na orodha iliyopigwa chapa:
meno, chakula, nepi, mwanasheria wa bure,
mahali pa kulala kukiwa chini ya sifuri.
Pembeni, kwa kalamu ya risasi, mkono wa mtu:
*Kanisani nenda kabla ya saa tatu, mkate huisha.*
Chini yake mkono mwingine: *Mwulize Glenys. Haulizi kwa nini.*
Nilisimama pale nikiisoma miandiko ile miwili
kama barua iliyochelewa kunifika.

Glenys Thurlow alinipa fomu na kiti chenye mto.
Leta bili ya umeme. Leta stakabadhi za miezi mitatu.
Wanaoishi katika nyumba: wangapi?
Nikaandika mbili.
Nikafuta. Nikafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.
Akaiona tundu. Akaniwekea fomu nyingine,
akaenda kupanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.

Wiki tatu. Nililala na koti na soksi za Lucille.

Kisha lori, Jumatatu, likirudi kinyumenyume uani.
Dereva alikuwa Thaddeus, mtoto wa Gagnon,
niliyemfundisha mwenyewe kukaza kifuniko.
"Bwana Ouellette," akasema, akavua kofia,
jambo ambalo hakuna anayelifanya katika baridi ile.
Nikampa hati ya manjano.
Nilimwangalia mikono.
Akaikunja mara moja tu,
akaiweka mfuko wa kifuani, pamoja na miwani.

Sikutoka nje naye.
Nilishuka ngazi, goti likilalamika,
nikasimama gizani karibu na tangi.
Miaka yote ile niliusikia wimbo huo kutoka nje.
Ndani ya nyumba una sauti nyingine,
mnene, wa tumboni,
kama mtu anayeimba akiosha vyombo
bila kujua kwamba unamsikiliza.

Yule wa nyuma ya kinu anaitwa Verna.
Televisheni ile, nimekuja kujua, ilikuwa ya kuokota,
na haikuwa ikiwaka.